Clifton R. Wharton: Kutoka Chuo Kikuu hadi Mfuko wa Walimu

Mwaka 1987 Clifton R. Wharton aliacha uongozi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, chenye kampasi 64, akaenda kuongoza shirika la fedha. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa kampuni iliyo miongoni mwa 500 kubwa za nchi yake. Habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba msomi alitupa kitabu akashika daftari la mapato. Mimi sikubaliani na masimulizi hayo, na sababu yangu ni aina ya shirika lenyewe.

Shirika hilo, TIAA-CREF, lilikuwa mfuko wa pensheni wa walimu wa vyuo. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wapewe pensheni bila kuchangia. Fedha hizo zilionekana kuwa chache mno, ndipo mwaka 1918 ikaundwa TIAA, ambamo mwalimu na chuo chake huchangia kwa pamoja. CREF iliongezwa mwaka 1952 ili sehemu ya akiba iwekwe katika hisa. Basi mali iliyoshughulikiwa na biashara hiyo ilikuwa uzee wa walimu.

Wharton alikuwa mwenzao. Alipata shahada ya udaktari wa uchumi huko Chicago mwaka 1958, akafundisha Malaya na kuchunguza maisha ya wakulima wadogo wa Asia. Tangu 1970 hadi 1978 alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ambako miezi yake ya kwanza ilijaa maandamano ya wanafunzi waliopinga vita vya Vietnam.

Katika mfuko alikuta manung'uniko ya namna nyingine. Wachangiaji walikuwa na njia mbili tu za kuweka akiba yao, wala hawakuruhusiwa kuihamishia kwingine. Waliotetea utaratibu huo walisema kwamba pensheni inayochukulika kwa urahisi haitamfikia mtu uzeeni. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Nani asiyejua jinsi akiba inavyoliwa na shida za leo? Lakini ilimfanya profesa mzima aonekane kama mtoto mbele ya fedha zake mwenyewe. Katika uongozi wa Wharton milango ilianza kufunguliwa. Mwaka 1988 ilianzishwa akaunti ya mikopo ya muda mfupi, na mwaka 1990 akaunti ya hati za dhamana, pamoja na nyingine kwa ajili ya wale ambao dhamiri zao zilikataa faida ya tumbaku, pombe, silaha, au biashara na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi.

Mwaka 1993 Rais Clinton alimteua kuwa naibu waziri wa mambo ya nje, akajiuzulu kabla mwaka haujaisha. Alifariki Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 98. Huko Michigan jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1982 lina jina lake na la mkewe, Dolores.