Zambia na Deni la Libreville

Usiku wa Jumapili, tarehe 12 Februari, mwaka 2012, mjini Libreville, Gabon, mwalimu wa timu ya taifa ya Zambia, Mfaransa Hervé Renard, alifanya jambo lisilofundishwa katika chuo chochote cha kandanda. Timu yake ilikuwa imekwisha kuishinda Ivory Coast kwa mikwaju ya penalti 8 kwa 7, na Zambia ilikuwa imelitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Uwanja mzima ulikuwa katika shamrashamra. Katikati ya vifijo hivyo, Renard, akiwa na shati lake jeupe, alimwendea Joseph Musonda, beki mkongwe aliyeumia mapema katika kipindi cha kwanza na kutoka uwanjani huku akilia. Alimnyanyua, akambeba mikononi kama mzazi ambebavyo mtoto, akampeleka kwa wenzake waliokuwa wakishangilia, ili naye awe miongoni mwa washindi.

Wako watu wasemao kwamba kocha hapaswi kuonyesha hisia zake hadharani. Kwao, mwalimu hodari ni yule akaaye kimya timu yake ishindapo au ishindwapo, na machozi ya mtu mzima uwanjani ni ishara ya udhaifu. Lakini mtu yeyote aijuaye historia ya nchi jirani ya Zambia hawezi kuutazama usiku ule kwa macho hayo. Furaha iliyoonekana Libreville mwaka 2012 ilikuwa na mzizi wake katika msiba uliotokea katika mji huo huo miaka 19 kabla yake.

Zambia ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na timu ya kutisha. Kizazi hicho kilianza kujulikana duniani katika michezo ya Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, kilipoichapa Italia mabao 4 kwa 0, matatu kati ya hayo yakifungwa na Kalusha Bwalya. Ilipofika mwaka 1993, timu hiyo ilikuwa mikononi mwa Godfrey Chitalu, mfungaji mashuhuri wa Kabwe Warriors katika miaka ya 1970, na ilikuwa ikitafuta nafasi ya kwenda katika fainali za Kombe la Dunia za mwaka 1994 nchini Marekani.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, timu ilirejea nyumbani kutoka Mauritius, ilikoshinda mabao 3 kwa 0, na mara moja ikatakiwa kuelekea Dakar kupambana na Senegal. Kwa sababu ya uhaba wa fedha, ilisafirishwa kwa ndege ya jeshi la anga aina ya Buffalo, ambayo haikutengenezwa kwa safari ndefu namna hiyo. Ilibidi itue kila mara kujaza mafuta: kwanza Brazzaville, kisha Libreville, halafu Abidjan, ndipo ifike Dakar. Usiku wa tarehe 27 Aprili, dakika chache tu baada ya kuruka kutoka Libreville, ndege hiyo ilianguka baharini, karibu na ufuko. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa. Kati yao walikuwamo wachezaji 18, mwalimu Chitalu na msaidizi wake, Alex Chola. Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa akicheza kandanda ya kulipwa Uholanzi, naye alipangiwa kusafiri peke yake hadi Senegal.

Marehemu walizikwa pamoja nje ya Uwanja wa Independence, mjini Lusaka. Baada ya mazishi, jamaa zao walianza safari nyingine ndefu, ya kutafuta ukweli. Wengine walilazimika kwenda mahakamani kudai fidia. Taarifa ya uchunguzi wa Gabon ilipotolewa, mwaka 2003, miaka kumi ilikuwa imekwisha kupita. Ilieleza kwamba injini ya kushoto ilishika moto, na rubani, badala ya kuizima hiyo, akaizima ya kulia iliyokuwa nzima. Taa ya tahadhari ilikuwa na kasoro, na rubani mwenyewe alikuwa amechoka, kwani ndiye aliyeirudisha timu kutoka Mauritius.

Hata hivyo, Zambia haikukubali kuzikwa pamoja na vijana wake. Timu mpya iliundwa upesi, kwanza chini ya mwalimu Roald Poulsen wa Denmark, kisha Ian Porterfield wa Scotland, na Kalusha Bwalya akiwa nahodha. Julai 1993 iliifunga Morocco mabao 2 kwa 1 mjini Lusaka. Oktoba ilihitaji sare tu huko Casablanca ili iende Marekani, ikafungwa bao 1 kwa 0. Miezi michache baadaye, katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 1994 mjini Tunis, iliitangulia Nigeria kwa bao moja, lakini mwishowe ikalala 2 kwa 1. Deni la Libreville likabaki bila kulipwa.

Mashindano ya mwaka 2012 yaliandaliwa kwa ushirikiano na nchi mbili, Gabon na Guinea ya Ikweta. Zambia ilipangwa kucheza upande wa Guinea ya Ikweta, na ingeweza kufika Libreville tu kwa kusonga mbele hadi hatua za mwisho za mashindano. Wachache waliidhania hivyo. Lakini iliifunga Senegal, ikatoka sare na Libya, ikawafunga wenyeji, ikaichapa Sudan mabao 3 kwa 0, kisha katika nusu fainali ikaitoa Ghana kwa bao moja la Emmanuel Mayuka. Ndipo njia ya Libreville ilipofunguka.

Kabla ya kucheza fainali, timu ilikwenda ufukoni. Wachezaji, ambao wengi wao walikuwa watoto wadogo mwaka 1993, waliimba na kuweka mashada ya maua mbele ya bahari iliyowachukua kaka zao. Pamoja nao alikuwapo Kalusha Bwalya, ambaye sasa alikuwa Rais wa Chama cha Kandanda cha Zambia. Yule aliyenusurika ndiye aliyewaongoza vijana hao hadi mahali wenzake walipoishia.

Siku ya fainali, Ivory Coast iliingia uwanjani ikiwa haijafungwa hata bao moja katika mashindano yote. Ilipata penalti katika kipindi cha pili, lakini nahodha wake, Didier Drogba, akaupiga mpira juu ya mwamba. Dakika 120 zilikwisha bila bao. Katika mikwaju ya penalti, wachezaji wa Zambia walikuwa wakiimba kila mwenzao alipokwenda kupiga. Golikipa Kennedy Mweene alifunga mkwaju wake mwenyewe, kisha akauokoa wa Kolo Touré. Rainford Kalaba alipata nafasi ya kumaliza kazi, akakosa. Gervinho naye akakosa. Stoppila Sunzu ndiye aliyeutia wavuni mkwaju wa mwisho.

Baada ya ushindi huo Renard alitangaza kwamba kombe lilikuwa la wale waliokufa mwaka 1993. Hayo yalikuwa maneno mazuri, lakini tendo lake kwa Musonda lilikuwa limekwisha kusema mengi zaidi. Musonda alikuwa mtu wa timu ambaye hakuweza kuufikia mwisho wa mchezo kwa miguu yake mwenyewe. Kumbeba yeye kulikuwa ni kutangaza kwamba ushindi si mali ya wale tu walioonekana uwanjani wakati filimbi ilipolia. Ni mali pia ya walioanguka njiani, na Zambia ilikuwa na watu 30 wa namna hiyo. Kwa hiyo hisia za kocha yule hazikuwa udhaifu. Zilikuwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa ilitolewa na mgeni aliyekubali kuubeba msiba wa wenyeji wake.

Lakini historia haikomi siku ya sherehe. Kombe liliwafuta machozi wafiwa. Halikuweza kuirudisha ile miaka kumi waliyongojea taarifa, wala halikuweza kuondoa ukweli kwamba vijana wa taifa walipandishwa ndege isiyofaa kwa safari yao. Wala halikuipa timu nguvu ya kudumu. Renard aliondoka mwaka 2013, na miaka miwili baadaye akalitwaa kombe hilo hilo akiwa na Ivory Coast, nchi aliyoifunga Libreville. Zambia, kwa upande wake, ilishindwa kufuzu kwa mashindano ya mwaka 2017, ya 2019 na ya 2021.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Deni la Libreville lilikuwa na sehemu mbili. Ile ya heshima ililipwa usiku wa tarehe 12 Februari, 2012, kwa jasho la wachezaji na kwa mikono ya mwalimu aliyembeba majeruhi wake. Ile ya pili ni ya viongozi wa michezo na wa serikali katika kila nchi iwatumayo vijana wake kwenda kuipigania bendera yake: kuhakikisha kwamba wanakwenda salama, na kwamba wanarudi. Sehemu hiyo hailipwi mara moja ikaisha. Hulipwa upya kila timu ipandapo ndege.