Damu Iliyowekwa Akiba

Mama mmoja wa usharika wetu hapa Tarime aliniuliza, "Mchungaji, damu ya mwanangu waliyoichukua watafiti, baadaye inafanyiwa nini?" Swali lake lina historia.

Kati ya 1977 na 1982, katika Mara Kaskazini, watoto wetu walipewa klorokwini ili ijulikane kama kuzuia malaria kunapunguza saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Watafiti wa saratani hiyo walikuwa wametangulia West Nile, Uganda, wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000 na kuihifadhi. Akiba ile ilizaa tunda jema: mwaka 1978 iliimarisha ushahidi kwamba kirusi cha Epstein-Barr kinahusika na saratani hiyo.

Mwaka 1985 sampuli 75 za West Nile zilipimwa tena, safari hii kutafuta UKIMWI, ugonjwa ambao haukujulikana damu ilipotolewa. Ikatangazwa kuwa 50 zina dalili za virusi. Baadaye vipimo vile vilionekana kuwa na kasoro, lakini neno lilikuwa limeshatoka juu ya watoto wa watu.

Walawi 17:11 inatufundisha kuwa uhai umo katika damu. Basi anayeihifadhi ni mtunza amana, si mwenye mali.

Ndugu zangu, tuwasaidie watafiti, maana wagonjwa wanangoja tiba. Lakini tuulize: damu itakaa wapi, kwa muda gani, na ikitakiwa kwa kazi nyingine, nani ataulizwa? Kuuliza si kukosa imani. Nilimjibu mama yule hivyo, kisha tukaenda pamoja kuuliza.