Uhafidhina: fikra hii ilianzia wapi?

Tunapotaja Chama cha Wahafidhina cha Uingereza kwenye habari, fikra yenyewe hufuatiliwa hadi kwa Edmund Burke, mbunge mzaliwa wa Ireland. Mwaka 1790 aliandika kitabu akipinga mapinduzi ya Ufaransa. Hakukataa mabadiliko, aliyataka ya polepole, kwa kuwa jamii ni ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa.

Hapa Singida hoja hiyo si ngeni. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuhamia vijijini ni amri, mwisho 1976. Shule na zahanati zilisogea karibu, lakini mashamba ya zamani, yaliyolishwa samadi miaka mingi, kwa wengi yalibaki mbali. Na Mwalimu naye (hapa ndipo patamu) alisema ujamaa unatokana na udugu wa mababu.