Shina -ntu na Suala la Kuwapo: Kagame na Ushahidi wa Kiswahili

Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari wa Kibelgiji huko Katanga, alidai kuwa kwa Wabantu kuwapo ni nguvu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda hakuridhika. Katika kazi yake ya 1956 aligeukia sarufi ya Kinyarwanda, na katika shina -ntu akabainisha kategoria nne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Baadaye alieleza kuwa kauli mashuhuri ya Descartes haieleweki katika lugha za Kibantu, kwani kitenzi cha kuwa hudai sifa au mahali. Hapo Kiswahili kinamuunga mkono: nipo, niko, nimo. Kwenye shina, hata hivyo, kinamwacha njiani. Mtu na kitu vimebaki, lakini mahali na jinsi ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Je, Waswahili walipokopa walipoteza nusu ya kategoria za kuwapo? La hasha. Ushahidi huu unaupa uzito ukosoaji wa Paulin Hountondji wa miaka ya 1970: kategoria hizo ni hoja za Kagame mwenyewe, wala si imani ya pamoja iliyojificha katika ngeli.