Trauti wa vijito: Kazi ngumu ya kumrudishia samaki maji yake baridi

KATIKA vijito vya milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, yumo samaki mdogo ambaye wataalamu wa mito humchukulia kama kipimajoto kilicho hai. Palipo na samaki huyo, maji ni baridi, safi na yenye oksijeni ya kutosha. Anapotoweka, kuna jambo limeharibika huko juu mlimani, hata kama maji bado yanang'aa machoni pa mpita njia.

Ni trauti wa vijito, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Salvelinus fontinalis, neno la pili likiwa na maana ya "wa chemchemi". Asili yake ni kuanzia milima ya Georgia hadi Labrador nchini Kanada. Ana madoa mekundu yaliyozungushiwa buluu na mapezi yenye ukingo mweupe, na katika vijito vya milimani ni nadra kuzidi sentimita 25. Majimbo kadhaa, yakiwamo Pennsylvania, Virginia na New York, yamemfanya kuwa samaki wao rasmi.

Heshima hiyo haikumlinda. Ripoti iliyotolewa mwaka 2006 na ushirika wa Eastern Brook Trout Joint Venture, unaohusisha majimbo 17 kuanzia Maine hadi Georgia, ilieleza kwamba ni asilimia 5 tu ya mabonde madogo ya mito ambamo vizazi vya samaki huyo wa vijitoni vilikuwa bado salama.

Chanzo cha yote ni shoka. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, makampuni ya mbao yalifyeka misitu ya milima hiyo hadi kingo za maji. Kivuli kikaondoka, jua likapasha vijito, na mvua ikasomba udongo hadi kwenye changarawe ambamo samaki hutaga. Trauti wa vijito hustawi katika maji yasiyozidi nyuzi joto 20 hivi za Selsiasi. Yakikaribia 25 na kudumu hapo, maisha yake huwa hatarini.

Kisha wakaja wageni. Ili kuwaridhisha wavuvi wa burudani, mito iliyobaki mitupu ilipandikizwa trauti wa upinde wa mvua kutoka magharibi mwa Marekani na trauti wa kahawia kutoka Ulaya, ambaye mayai yake yaliingia nchini humo kutoka Ujerumani mwaka 1883. Msomaji wa Afrika Mashariki anawafahamu wageni hao. Trauti wa kahawia ndiye aliyepandwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, mwaka 1905. Huko Appalachia walikua wakubwa kuliko mwenyeji, wakamnyang'anya chakula na kumsukuma juu zaidi kuelekea kwenye vyanzo vya maji.

Miti ndani ya maji

Hatua ya kwanza ya ukarabati ni kurudisha kivuli kwa kupanda miti kingoni na kuweka uzio ili ng'ombe wasikanyage kingo. Kazi hiyo haina mbwembwe, na matunda yake huchukua miaka. Hata pale miti ilipo, amani haipo: mdudu mdogo mfyonza utomvu mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Virginia mwaka 1951, ameua miti mingi ya hemloki, ambayo ndiyo iliyofunika vijito hivyo kwa kivuli kizito mwaka mzima.

Hatua nyingine huwashangaza wengi. Kwa miongo kadhaa wasimamizi wa mito waliondoa magogo majini wakidhani wanayasafisha. Leo warithi wao huangusha miti kwa makusudi ikatize kijito. Gogo hupunguza kasi ya maji, huchimba kina ambamo samaki hujificha wakati wa kiangazi, na huzuia changarawe isichukuliwe na mafuriko. Katika changarawe hiyo, hasa pale maji ya chini ya ardhi yanapobubujika, jike huchimba kiota kwa mkia wake wakati wa majira ya kupukutika majani. Mayai hukaa humo msimu wote wa baridi, na tope likiyafunika hukosa hewa.

Ambako mvua ya asidi ndiyo iliyoua vijito, dawa imekuwa chokaa. Mwaka 1999 helikopta zilimwaga mawe ya chokaa yaliyosagwa katika Mto St. Marys, Virginia, ili kupunguza ukali wa maji.

Kufungua au kufunga?

Ugumu mkubwa uko kwenye makalavati. Bomba jembamba chini ya barabara ya msituni huongeza kasi ya maji, na baada ya miaka mingi maji hayo huchimba shimo upande wa chini, hata mdomo wa bomba ukabaki unaning'inia. Samaki wa sentimita 15 hawezi kuruka kizingiti hicho. Hukwama upande wa chini, mbali na chemchemi anayoihitaji joto linapopanda. Hivyo mabomba mengi yameng'olewa na kubadilishwa kwa madaraja mafupi au makalavati mapana yenye sakafu ya changarawe.

Lakini mlango unaomfungulia mwenyeji humfungulia pia mgeni. Zipo sehemu ambako kalavati bovu ndilo pekee linalowazuia trauti wa upinde wa mvua wasipande, na huko wataalamu huliacha lilivyo.

Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, ambako trauti wa vijito alipoteza takriban asilimia 75 ya makazi yake, ilitumia maporomoko ya asili kama ukuta. Katika mkondo wa Lynn Camp Prong, jimboni Tennessee, kazi ya kuwaondoa trauti wa upinde wa mvua kwa sumu ya antimaisini ilianza mwaka 2008, kisha wenyeji wakarudishwa. Sumu hiyo hukatwa makali kwa pamanganeti ya potasiamu ili isiwadhuru samaki walio chini ya eneo la kazi. Mkondo ulifunguliwa tena kwa wavuvi mwaka 2015.

Kuishi nyuma ya ukuta kuna gharama yake. Samaki wachache waliofungiwa katika kilomita chache za maji huzaliana ndugu kwa ndugu, na mafuriko au ukame wa msimu mmoja waweza kuwamaliza wote bila kuwapo wengine wa kuziba pengo. Huko Virginia watafiti wamejaribu kuhamisha samaki wachache kutoka kijito kimoja hadi kingine ili kuchanganya damu, jambo ambalo zamani samaki walilifanya wenyewe kwa kuogelea.