Visima vya Isaka na Maji ya Tana
(Mazungumzo ya redioni. Somo: Mwanzo 26:12–33)



Wasomi wa dini huweka kumwamini Mungu katika sura moja ya kitabu, na maadili, yaani mwenendo wa mtu kwa jirani yake, katika sura nyingine. Twendeni Hewani, karibu na Garsen, tuone kama mambo hayo yaweza kutengana.

Huko Mpokomo hulima mpunga na migomba kwa kutegemea mafuriko ya mto. Kiangazi kikizidi, Mworma hushuka na ng'ombe wake kutafuta maji, akipita katika njia iitwayo malka. Malka ikizibwa kwa shamba, ng'ombe hufa. Ng'ombe wakiingia shambani, watoto wa mkulima hulala njaa.

Watu hawa hawakungoja mgeni awaambie kwamba Mungu yuko. Waorma walimwita Waaqa tangu kabla ya Uislamu. Thomas Wakefield wa Methodisti alipoanzisha misheni Golbanti katika miaka ya 1880, aliwakusudia hasa Wagalla, kama Waorma walivyoitwa siku zile. Mwaka 1886 John Houghton na mkewe wakauawa hapo na wavamizi wa Kimasai, lakini kazi haikuachwa. Muda mfupi baadaye Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen walifika Ngao, na Ferdinand Würtz akafasiri Agano Jipya kwa Kipokomo. Huku chini ya mto Injili ikashika zaidi kwa wakulima. Waorma wakashika Uislamu. Basi mara nyingi mpaka wa shamba ukawa pia mpaka wa dini, na hapo pana hatari, maana mtu aweza kugombania maji akidhani anamtetea Mungu.

Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa alfajiri. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa Waorma. Nasema hivyo wazi, kwa kuwa wengi wanaonisikiliza ni wa upande wa wakulima, na sisi hupenda kuwahesabu wafu wetu tu. Kisasi kilifuata, Wapokomo nao wakazika, hata ukaingia mwaka 2013.

Tukumbuke pia kwamba sauti ya wimbo wetu wa taifa, uliotungwa mwaka 1963, ilitoka kwa Wapokomo. Ilikuwa sauti ya mama akimbembeleza mtoto. Juu yake yaliwekwa maneno ya sala, na sala hiyo yamwomba Mungu haki.

Sasa mtazameni Isaka. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakidai, akakiita Eseki. Wakachimba cha pili, kikagombaniwa, akakiita Sitna. Akaondoka, akachimba cha tatu, Rehobothi, nacho hakikugombaniwa. Wengine watasema alikuwa mwoga. Biblia haisemi hivyo. Alikuwa na watumishi wengi na nguvu nyingi, hata Abimeleki alimwogopa. Baadaye alijenga madhabahu Beersheba. Lakini kabla ya kuomba juu ya mawe yale alikuwa amekwisha kuachia visima viwili.

Halafu Abimeleki akaja mwenyewe. Isaka hakumficha uchungu wake, alimwuliza mbona amekuja hali alimchukia. Kisha akamwandalia karamu. Wakala, wakalala, asubuhi wakaapiana. Siku ile ile watumishi wakaleta habari kwamba wamepata maji.

Tuombe.