Forodhani, bustani yenye majina matatu

Vijana wenzetu, leo tuongelee bustani moja ya mjini: Forodhani ya Zanzibar, iliyo ufukweni mbele ya Ngome Kongwe.

Zamani hapo palikuwa na shughuli za forodha, ndo jina lilipotoka. Mwaka 1936 ilitengenezwa bustani kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikaitwa Bustani ya Jubilei. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa Bustani ya Jamhuri. Lakini watu wakaendelea kusema Forodhani tu.

Miaka ikapita, bustani ikachakaa. Mwaka 2008 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaanza kuikarabati: ukuta wa bahari, taa, mifereji, njia, miti, mpaka sehemu ya watoto kucheza. Mwaka 2009 ikafunguliwa tena. Na wauza mishkaki hawakufukuzwa, walitengewa sehemu yao. Kumbe kukarabati siyo kupaka rangi tu.

Sisi huku kambini tuna uwanja chini ya miti. Kila mradi ukija, kibao kinabadilishwa. Sisi tunapaita Kwa Mama Maandazi. Sasa tumesikia utatengenezwa upya, na uzio utawekwa. Tumefurahi, ila tuna ombi kwa wafanyakazi wa mashirika: kabla hamjapima, njooni jioni mkae nasi, muone nani anakaa wapi. Mama huyo akiondolewa, tutabaki na kibao kipya na uwanja mtupu.